Reru ya Mama Dorka

Saa nne na robo asubuhi, Jumanne, nilikuwa nimeinamia simu ya mteja pale kibandani kwangu Suna, solda mkononi, wakati simu yangu mwenyewe ilipolia. Alikuwa Akinyi, binti ya Mama Dorka wa Homa Bay. Hakunisalimia. Alisema tu, "Fundi, Mama amelala." Kwetu neno hilo haliulizwi mara ya pili. Nilizima solda, nikaifunga simu ya mteja bila kuimaliza, jambo ambalo kwa kawaida silifanyi, nikamwuliza mazishi ni lini. Akanieleza. Kisha akasema, "Na kuna ile reru. Sijui nifanye nayo nini." Reru ni treni kwa Dholuo. Ile anayoisema Akinyi ni ndogo, kichwa cha treni cha bati na shaba chenye urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na kwa mwaka mmoja wa ujana wangu sikuwa na jambo jingine kichwani.

Siku ya mazishi nilifika mapema, kabla ya viti kupangwa. Nyumba ilikuwa ileile, sebule na vyumba viwili, chini ya kilima, mwendo mfupi kutoka mjini. Kabla ya kukaa niliinua macho juu, kama mtu anavyopapasa mfuko kuhakikisha pochi ipo. Mabati yalikuwa yameshika kutu, lakini hapakuwa na tundu hata moja la mwanga. Reru ilikuwa kabatini, nyuma ya kioo, katikati ya vikombe vya wageni. Rangi ya buluu, mstari mweupe tumboni, na ubavuni herufi kubwa za rangi ya chungwa: JA RERU, yaani mtu wa reli. Akinyi, ambaye sasa ni mwalimu na ana mvi zake, alisimama kando yangu. "Nimetafuta kwa simu," alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu wazee walikuwa wakiingia. "Aina hii bado inatafutwa. Lakini wanataka ikiwa na rangi yake ya kwanza. Unaweza kuirudisha?" Nikamwambia hairudi. Nilikuwa nimelijua jibu hilo kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano.

Sitasimulia nilikozaliwa wala wazazi wangu walikuwa nani. Hayo hayana kazi hapa. Mwaka ninaoukumbuka ni ule wa mvua ya El Niño. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nimetoka Suna kwenda Homa Bay kujitafutia, na nilikuwa na meza moja kwenye baraza la duka la vitambaa la mzee mmoja wa Lamu. Nilitengeneza redio, kaseti na pasi. Sikuwa nimesomea kazi hiyo popote. Nilikuwa na kitabu kimoja kuhusu mota za umeme, nilichokinunua kando ya barabara Kisumu kikiwa hakina jalada wala sura ya kwanza. Kwa hiyo elimu yangu ya umeme ilianzia sura ya pili, na mpaka leo kuna mambo ya mwanzo ambayo huwa nayakisia. Lakini kilichokuwamo nilikisoma kama watu wengine wanavyosoma Zaburi, na niliamini kwamba kila kitu kilichoharibika kina sababu moja mahali fulani, na ukiwa na subira utaifikia.

Mama Dorka alikuja siku ya soko, amebeba kitu kwenye leso. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kwaya. Alifungua leso juu ya meza yangu, nami nikaona kichwa cha treni cha rangi ya damu ya mzee, kimechubuka kingoni, na namba za manjano zilizofutika nusu.

"Nyathina," alisema, yaani mwanangu, "hii inaweza kutembea?"

"Mama, kwanza hii ni nini?"

"Ni reru. Kwani huoni mahali moshi inatokea?"

Ilikuwa ya mumewe, marehemu Zakayo, ambaye maisha yake yote alikuwa fundi wa reli Kisumu. Mzungu aliyekuwa bosi wake alimwachia wakati anarudi kwao, pamoja na vipande sita vya reli ambavyo ukiviunga vinafika nusu ya duara tu. Krismasi zote za watoto wake Zakayo aliitembeza kwa betri ya gari, kutoka mlangoni hadi mguu wa meza. Hapo Homa Bay hapajawahi kuwa na reli. Kwa watoto wengi wa boma lile, hiyo ndiyo treni pekee waliyoiona kwa macho. Kisha siku moja ikanuka moshi, ikasimama. Baada ya miaka miwili Zakayo naye akafa.

Kwa bahati ambayo sijui niiite njema au mbaya, Bwana Harish alikuwa barazani siku hiyohiyo. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa vipuri kutoka Kisumu, aliyetuletea mafundi mikanda ya kaseti na vipande vya redio kila mwezi. Aliacha sentensi katikati. Akaja, akainama, hakugusa.

"Mama, hii ulitoa wapi? Hii mimi nilikuwa naangalia kwa dirisha ya duka nikiwa mtoto. Baba yangu alisema ni ghali, akanunulia mimi viatu."

"Viatu ni ya maana," Mama Dorka alisema.

"Ilikuwa inabana, mama." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Ikitembea, nakupa elfu arobaini na tano."

"Na isipotembea?"

"Isipotembea sichukui. Zilizokufa niko nazo tatu kwa nyumba."

Nilidhani Mama Dorka atafurahi kama mtu aliyeokota. Badala yake alikaa kwenye kiti changu cha wateja na kuuliza, mara mbili, kama Mhindi yule ni mtu wa neno lake. Sababu niliielewa Jumapili iliyofuata, nilipokwenda kwake na vifaa, kwa kuwa alikataa reru ilale dukani. Ilikuwa inanyesha. Sebuleni, juu ya vitambaa vyake vya kufuma, palikuwa na makarai, sufuria, ndoo, hata kikombe kimoja cha mtoto, kila kimoja chini ya tundu lake, na kila kimoja kikilia sauti yake. Mahali pakavu palikuwa ni meza tu. Alinipa nyoyo, mahindi na maharagwe, kwenye sahani, na chai ya maziwa, akasema nile kwanza, njaa haishiki bisibisi. Nikamwuliza kwa nini mabati hayabadilishwi. Aliniangalia kana kwamba nimetoka nchi nyingine.

Kwa wasiojua, nieleze. Katika boma lile, nyumba ya mjane haiguswi paa, wala haipigwi msumari, mpaka mjane achukuliwe na mmoja wa ndugu za marehemu. Jambo hilo linaitwa tero. Anayeivunja desturi anaita chira: watoto kukonda, mifugo kufa, maradhi ambayo hospitali haina jina lake. Mama Dorka alikuwa Msabato. Alisema alikuwa na bwana mmoja na amekwisha kumzika, na hakuna andiko linalomtafutia wa pili. Basi hakuna aliyempiga wala kumfukuza. Waliliacha tu paa lifanye kazi yake. Yeye naye alikuwa amepata njia yake. Upande wa juu wa mji kulikuwa na kiwanja kidogo kinachouzwa. Elfu arobaini na tano ingekinunua na kusimamisha chumba kimoja cha mabati. Kule asingekuwa ndani ya boma la mumewe, na paa lingekuwa lake. Hivyo nilipokuwa nafungua skrubu za reru nilijua ninachofungua.

Nilikuwa kijana, na nilifanya kile ambacho kijana yeyote angefanya. Wiki ya pili nilikuja na kopo la lami na ngazi ya kuazima. Nilikuwa nimefika juu, nimeona tundu kubwa kuliko yote, la msumari uliong'oka, niliposikia sauti chini yangu.

"Kijana, shuka."

Hakupaza sauti. Alikuwa Jaduong' Okelo, yaani Mzee Okelo, mdogo wa marehemu, mzee mnene mwenye koti la kahawia alilolivaa hata kwenye jua.

"Jaduong', ni msumari mmoja tu."

"Najua ni msumari mmoja. Shuka."

Nikashuka. Alinishikia ngazi nisiteleze, hilo sijalisahau. Nilipofika chini alikuwa bado ameishika. "Unafikiri mimi napenda kusikia shemeji yangu akilala na makarai? Nasikia kutoka kwangu, tii, tii, tii, usiku wote. Lakini nina watoto saba. Wewe utarudi kwenu Suna. Hiyo chira itabaki na nani?" Kitabu changu hakikuwa na sura hiyo, hata ile iliyopotea nadhani haikuwa nayo. Nilimwuliza kama ninaweza kutundika turubai kwa ndani, chini ya mabati. Akapangusa lami kwenye ngazi kwa kidole. "Ndani sijui," alisema. "Macho yangu hayaingii nyumbani kwa shemeji." Basi tukatundika turubai. Maji yalikusanyika ndani yake likawa kama tumbo la ng'ombe, na kila jioni Mama Dorka alilisukuma kwa ufagio mpaka likamwagikia dirishani.

Kazi yenyewe niliipenda, na ninaona haya kidogo kusema kwamba zile zilikuwa siku nzuri. Nilikaa kwenye ile meza kavu, turubai likinung'unika juu yangu, nikaifungua mota uzi kwa uzi. Ilikuwa imeungua kama kitabu kilivyosema mota huungua. Nilihesabu mizunguko ya waya wa zamani nikiutoa, nikausokota mpya kutoka kwenye transfoma ya redio iliyokufa. Vipande vya kaboni vinavyogusa mota vilikuwa vimelika, nikachonga vingine kutoka kwenye kijiti cheusi kilichomo ndani ya betri ya tochi, nikivisugua kwenye sakafu ya saruji mpaka vikaingia bila kulegea. Ijumaa nililazimika kuacha kabla ya jua kuzama, kwa sababu Sabato ilikuwa inaingia. Jumamosi nilikaribishwa kula chakula kilichopikwa jana yake, omena, wale dagaa wa ziwa, iliyopoa na ugali mgumu, lakini reru ilifunikwa leso na sikuruhusiwa hata kuitazama. Kupitia ukuta nilisikia wazee wakipita.

"Huyu mama ana kichwa ngumu."

"Si kichwa, ni kanisa."

"Basi kanisa ipande huko juu na nyundo."

Wakacheka. Mama Dorka alisikia pia. Aliniongezea omena. "Pasta alikuja," aliniambia. "Aliombea paa sana. Lakini hakupanda. Na yeye ana mama yake mjane kwa boma lao." Alisema bila uchungu, kama mtu anayesoma hali ya hewa.

Kilichonishinda ni magurudumu. Yalikuwa ya madini meupe ya mchanganyiko, yale ambayo kwa uzee huvimba yenyewe na kupasuka, na nilipoyagusa mawili yalivunjika mkononi kama biskuti. Homa Bay sikuona mtu wa kuyatengeneza. Kwetu Suna nilimjua Chacha, Mkuria mwenye mashine ya kukereza vyuma, aliyetengeneza shafti za mashine za posho na pampu za wachimba dhahabu. Nikafunga safari na magurudumu yote kwenye soksi. Chacha aliyamwaga kwenye kiganja.

"Nyinyi Wajaluo! Ziwa mko nayo, samaki mko nayo, reli hamna. Sasa magurudumu ya treni mnataka ya kwenda wapi?"

"Kutoka mlangoni hadi mguu wa meza."

"Hiyo safari ni fupi. Nauli ni ngapi?"

Nikamweleza nauli, yaani paa, na tero, na kiwanja. Aliacha mzaha. Alitafuta kwenye takataka zake bushi ya shaba ya pampu ya mgodini, akaifunga kwenye mashine, akakereza magurudumu sita, akiyapima kila mara na lile moja lililokuwa zima. Alikataa kunilipisha zaidi ya chakula cha mchana. Ningerudi kesho yake, lakini usiku ule mto Kuja ulifurika na barabara ikakatika. Nilikaa Suna zaidi ya wiki nikiangalia maji ya rangi ya chai yakipita na miti mizima ndani yake, magurudumu mfukoni. Kila mvua iliponyesha Suna nilijua inanyesha juu ya lile turubai. Hakukuwa na simu ya kupiga. Hakukuwa na lolote la kufanya, na mimi si mtu ninayejua kukaa bila la kufanya.

Niliporudi, Mama Dorka alinipokea mlangoni akitabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona hata mara moja. "Funga macho," alisema. Nilipofumbua, reru ilikuwa mezani, ya buluu, inang'aa mpaka unajiona. Alikuwa amemwita fundi wa Mbita, yule anayeandika majina kwenye mitumbwi ya wavuvi. Fundi alikwangua rangi yote kuukuu kwa msasa mpaka bati likawa jeupe, akapaka mara tatu rangi ya mafuta inayostahimili ziwa, akachora mstari, akaandika jina la utani la marehemu ubavuni kwa mkono wake mzuri kabisa. Malipo yake yalikuwa jogoo. "Mgeni hawezi kuuziwa kitu imechubuka," Mama Dorka alisema. "Hata Zakayo nilimzika na suti."

Niliona ni nzuri. Jaduong' Okelo alikuja akaiona kupitia dirishani, akasema ni nzuri. Hakuna mtu katika wilaya nzima, nadhani, ambaye angesema vingine. Kwetu ng'ombe wa mnada huoshwa, baiskeli ya kuuza hupakwa rangi, sufuria husuguliwa kwa majivu kabla haijatoka nje. Kupeleka kitu kichafu sokoni ni kumtukana mnunuzi. Nikafunga magurudumu ya Chacha, nikatia mafuta, nikaunganisha betri. Reru ilitetemeka, ikatoa sauti kama cherehani, ikaenda kutoka mlangoni hadi mguu wa meza. Mama Dorka aliimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani akiwa amesimama. Mimi nilipeleka ujumbe Kisumu.

Bwana Harish alitaka kuja Jumamosi, akaambiwa Jumamosi haiwezekani hata akija na dhahabu. Akaja Jumapili, amevaa suruali nyeupe. Mama Dorka alikuwa amemkaangia ngege mzima, mkubwa kuliko sahani, na mgeni akasema kwa aibu kwamba yeye hali nyama wala samaki. "Samaki ya magamba hata Sabato imekubali!" Mama Dorka alimsihi. Mwishowe alikula ugali na mboga, akausifu. Ngege nilikula mimi. Kisha tukasogeza makarai, tukaunga vipande sita vya reli sakafuni, na nikabonyeza waya kwenye betri.

Ilitembea. Bwana Harish alipiga magoti na suruali yake nyeupe kwenye saruji yenye maji, uso karibu na sakafu kama watoto wanavyofanya, akaomba tena, na tena. Jaduong' Okelo, aliyekuwa amesimama nje ya mlango asiingie, alipiga makofi. Nilimtazama Mama Dorka. Alikuwa akitazama juu, kwenye turubai, kama mtu anayeagana na jirani ambaye hakumpenda.

Kisha Bwana Harish aliichukua reru, akaenda nayo dirishani kwenye mwanga. Alipitisha kidole gumba ubavuni, taratibu. Nadhani mpaka hapo aliamini kwamba ile buluu ni ya juujuu, ya kusherehekea, na chini yake nyekundu bado ipo.

"Ile rangi iko wapi?"

"Ile kuukuu?" Mama Dorka alicheka. "Tulitoa yote!"

"Yote?"

"Yote kabisa. Hata kwa tumbo."

Akakaa. Hakukasirika, ingekuwa rahisi kama angekasirika. Alisema polepole, "Mama, watu wa hii mambo wananunua ile rangi. Mota naweza kupata. Magurudumu naweza kutengenezesha. Rangi ya kiwanda ikitoka imetoka."

"Lakini wewe ulisema itembee."

"Nilisema."

"Na inatembea."

"Inatembea, mama. Inatembea vizuri sana."

Karai la pembeni lilikuwa likilia. Kisha Bwana Harish alitoa pochi na kusema elfu tatu, kwa ajili ya mota, na akaisema akiangalia sakafu. Mama Dorka alichukua reru kutoka mikononi mwake, akaipangusa alama ya kidole kwa ncha ya leso, akairudisha mezani. "Hiyo weka petroli," alisema. "Barabara ni mbaya." Alimsindikiza mpaka nje kama mgeni yeyote. Mimi, Bwana Harish alinishika mkono garini, akaniambia magurudumu yale ni kama ya kiwandani. Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi, nikitafuta sababu moja mahali fulani, kama nilivyozoea. Yeye hakututahadharisha juu ya rangi kwa sababu kwao mtoto mdogo analijua hilo. Sisi hatukumwuliza kwa sababu kwetu mtoto mdogo anajua kinyume chake. Kila mtu alitenda vizuri kadiri alivyofunzwa. Nimefungua mota nyingi tangu wakati ule, na katika zote kulikuwa na mahali palipoungua. Hapa sijapaona.

Mvua haikupungua. Kabla ya mwezi kuisha ukuta wa chumba cha kulala, upande kilipo kitanda, ulilowa mpaka ukaanguka nje, mchana, wakati Mama Dorka yuko shambani. Akinyi alikuwa njiani kurudi kutoka shule ya bweni. Jioni ile Mama Dorka alimtuma mtoto wa jirani kwangu mjini na maneno machache: kesho asubuhi, njoo na nyundo. Sikuelewa. Nilidhani ni ya ukuta.

Nilifika umande ukiwa bado majanini. Mlango ulikuwa wazi. Mama Dorka alikuwa ameketi sebuleni, mgongo wima, amevaa nguo yake ya kanisani, na ilionekana kwamba hakuwa amelala. Kwenye msumari wa ukutani, juu ya kabati, lilitundikwa koti la kahawia la Jaduong' Okelo. Mkono mmoja wa koti ulikuwa umening'inia mpaka ukagusa bomba la moshi la reru. Hapo nikaelewa. Kwa mjane anayekataa kitanda, wazee wana njia nyingine: koti la shemeji hulala ndani ya nyumba usiku mmoja, na desturi inahesabu kwamba mwenye koti amelala. Watu wengine walikuwa wakilichukulia kama mzaha. Yeye hakulichukulia hivyo. Kwake, usiku ule, mbele ya Mungu wake, alikuwa ameolewa tena, safari hii na koti.

"Keti, nyathina," alisema. "Chai haijaiva."

Nikaketi. Jua lilipopanda, Jaduong' Okelo aliingia, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kichwa chini.

"Shemeji, nimekuja kuchukua koti."

"Liko pale."

Alilitoa msumarini kwa mikono miwili, kwa uangalifu, asiiguse reru. Akalivaa, ingawa joto lilikuwa limeanza. Kisha akatoka, na nikamsikia akipaza sauti kwa mara ya kwanza pia: "Leteni ngazi!" Ndugu wote walikuwa wakingoja nyuma ya ua. Ngazi zilikuja mbili, na udongo wa kukandika ukuta. Watu walipanda wakicheka, kwa furaha ya watu walioruhusiwa, na mimi nilitumwa mjini kwa mkokoteni kuchukua vitu dukani, kwa kuwa nilijua kupima. Kabla ya saa tisa kazi ilikuwa imekwisha. Jaduong' Okelo mwenyewe, na unene wake, alipigilia misumari ya mwisho. Kisha mvua ikaja, nasi tukasimama sebuleni tukisikiliza. Juu, ilikuwa kama mchele unaomwagwa. Chini, hakuna. Mama Dorka aliyakusanya makarai moja moja, akayapindua kando ya ukuta, na hakuangalia juu.

Sabato ile hakwenda kanisani, wala nyingine nyingi. Alipokuja kurudi, aliketi benchi la nyuma, na kwenye kwaya hakuimba tena. Reru aliifunga kabatini na hakuitoa. Nilimtembelea kila nilipopita Homa Bay. Alinipikia, aliniuliza habari za watoto wangu, na sikumsikia hata siku moja akilaumu fundi wa Mbita, wala Bwana Harish, wala shemeji yake.

Siku ya mazishi nilimwambia Akinyi aiache reru palipo, na rangi yake. Kisha nikatoka nikasimama uani, nikayatazama yale mabati. Mimi ndiye niliyeyalipia kaunta siku ile, kwa pesa walizochanga ndugu, kwa hiyo bei naikumbuka. Mwaka mzima, nikisokota waya chini ya turubai, nilikuwa na zaidi ya hizo kwenye kopo chini ya meza yangu, na zisingesaidia kitu. Paa lote, mabati, misumari na lami, lilikuwa shilingi elfu nne, mia saba na hamsini.